Jua la Mchana, Yuniti za Usiku

Nazungumza nanyi mlio hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mlio Dowa Boma, na ninyi wa Lilongwe, kuanzia Kanengo na Area 25 hadi Kawale na Likuni. Mwenye redio aongeze sauti kidogo, maana leo tunazungumzia pesa.

Kuna maneno yanayozunguka sana siku hizi. Fundi anakuja nyumbani, anatazama paa, anasema: weka sola, umeme ukizidi utaurudisha kwa ESCOM, shirika la umeme, watakulipa, na bili yako itakwisha. Ni maneno matamu, hasa ukiwa umetoka kununua tokeni jana na leo mita inalia tena. Lakini ni ya kweli? Inategemea jambo moja ambalo fundi hana mamlaka nalo, wala wewe huna. Inategemea bei ambayo shirika la umeme limekubali kukulipa kwa kila yuniti unayoitoa nje ya nyumba yako. Bei hiyo ikiwa nzuri, sola inajilipa mapema. Ikiwa mbaya, inachukua miaka mingi. Na ikiwa hakuna bei kabisa, basi umeme wako unaotoka nje ni zawadi.

Twende taratibu. Paneli zikiwa juu ya paa na jua linawaka, umeme unaotoka una njia tatu. Njia ya kwanza, unatumika pale pale nyumbani: friji, pasi, pampu ya maji, mashine ya kunyolea. Njia ya pili, unaingia kwenye betri na kusubiri usiku. Njia ya tatu, kama nyumba imeunganishwa na nguzo za ESCOM na inveta yako ni ya aina inayoweza kufanya hivyo, unapita kwenye mita na kutoka nje, unakwenda kuwasha taa ya jirani usiyemjua. Leo tunaitazama hiyo njia ya tatu, kwa sababu ndiyo inayowachanganya watu.

Fikiria mama mwenye bustani ya lengalenga nyuma ya nyumba. Lengalenga anayoichuma na kuipika imemwokolea bei kamili ya sokoni, kwa kuwa asingekuwa na bustani angeinunua kwa bei hiyo. Lengalenga anayomuuzia mchuuzi wa baiskeli inampa bei ya mchuuzi. Na mchuuzi huyo, siku nyingine anakuja na bei ya kuridhisha, siku nyingine bei ya kusikitisha, na siku nyingine haonekani. Yuniti ya sola ni hivyo hivyo. Unayoitumia mwenyewe ina thamani ya bei kamili. Unayoitoa nje ina thamani ya bei aliyoitaja mnunuzi.

Sasa tufanye hesabu kidogo, nami naahidi haitakuwa ngumu. Namba hizi ni za mfano tu, nimezichagua ili tuweze kuzishika kichwani bila kalamu. Tuseme yuniti moja unainunua kwa kwacha 200. Tuseme kuna familia Area 25 ambayo paneli zake zinatoa yuniti 10 kwa siku. Watoto wako shuleni, wazazi wako kazini, nyumba iko kimya jua linapowaka kwa nguvu. Mchana huo wote wanatumia yuniti 4. Zile 6 zinatoka nje. Jioni wanarudi, taa zinawashwa, jiko linawashwa, televisheni inawashwa, na jua limekwisha kutua. Wanahitaji yuniti 6 kutoka kwa ESCOM.

Wameokoa kiasi gani? Kama shirika halilipi chochote kwa zile zilizotoka nje, wameokoa yuniti 4 tu, yaani kwacha 800 kwa siku. Kama shirika linabadilishana moja kwa moja, umenipa 6 mchana nami nakurudishia 6 usiku, wameokoa zote 10, yaani kwacha 2,000. Kama shirika linahesabu nusu, kwamba ukinipa 2 nakuandikia 1, wameokoa kwacha 1,400. Na kama shirika linalipa pesa lakini kwa robo ya bei, kwacha 50 kwa yuniti, wameokoa 1,100.

Umesikia? 800, 1,100, 1,400, 2,000. Paneli ni zile zile. Jua ni lile lile. Fundi ni yule yule, na familia haijabadilisha kitu. Kilichobadilika ni karatasi moja iliyo ofisini.

Tuseme tena mtambo huo uliwagharimu kwacha milioni 4. Kwa mfumo wa kubadilishana moja kwa moja, pesa yao imerudi baada ya miaka 5 na nusu hivi. Kwa mfumo wa kutolipwa chochote, itarudi baada ya karibu miaka 14. Miaka 14! Betri, kama wanayo, itakuwa imekwisha kubadilishwa. Inveta nayo huenda imekwisha kufa. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza atakuwa amekwisha kuwa mtu mzima. Ndiyo maana nasema mtu anayekuuzia sola bila kukuambia bei ya umeme unaotoka nje hajakuambia bei ya sola.

Wenzetu nchi nyingine wamefanyaje? Nataka tupite haraka hapa, lakini tupite, kwa sababu wengi wetu tuna ndugu huko na tunasikia habari zao nusu nusu.

Kenya ilipitisha Sheria ya Nishati mwaka 2019, ikafungua mlango kwa mwenye sola kupeleka umeme kwenye gridi. Kanuni zenyewe zilitoka 2024. Kule wamechagua nusu: unapopeleka yuniti 2 unahesabiwa 1, na hilo ni salio la yuniti, si pesa mkononi. Tanzania nayo ilitoa kanuni zake mwaka 2018. Jiji la Cape Town, kule Afrika Kusini, lilianza mwaka 2023 kuwalipa pesa taslimu wenye mitambo iliyokubaliwa, wakati nchi nzima ilikuwa imechoshwa na mgao wa umeme. Kwa hiyo ndugu yako wa Nairobi akikwambia sola inamlipa hivi, na shemeji yako wa Cape Town akikwambia inamlipa vile, wote wawili wanasema kweli. Kila mmoja anasoma karatasi yake.

Mbali zaidi, Uingereza ilianza mwaka 2010 kwa bei ya juu sana. Mwenye paa dogo alilipwa zaidi ya senti 41 za paundi kwa kila yuniti aliyoizalisha, hata ile aliyoitumia mwenyewe. Watu wakakimbilia sola. Haukupita muda mrefu serikali ikataka kuikata bei hiyo karibu nusu, tena kwa haraka iliyowafikisha mahakamani, na mahakama ikawaambia hawawezi kuikata kwa kurudi nyuma. Mwaka 2019 mpango ule ukafungwa kwa wateja wapya. Waliokwisha kusaini waliendelea na bei yao. Huko California, Marekani, tarehe 15 Aprili 2023 bei ya umeme unaotoka nje ilishuka kwa takribani robo tatu kwa wateja wapya. Aliyewahisha maombi kabla ya siku hiyo alibaki na masharti ya zamani kwa miaka 20. Jirani yake aliyechelewa wiki moja, mwenye paa lile lile na jua lile lile, akaingia kwenye hesabu nyingine kabisa. Baada ya hapo watu wa California wakaanza kununua betri kwa wingi, kwa sababu ilikuwa afadhali kuuweka umeme wao wenyewe kuliko kuutoa kwa bei ile.

Naomba mlishike hilo la California, tutalirudia: bei ya kuuza ikishuka, thamani ya kutumia mwenyewe inabaki palepale.

Sasa turudi nyumbani Malawi.

Hapa nchini kuna wadau wanne mnaotakiwa kuwajua. EGENCO ndiyo inayozalisha umeme mwingi, kwenye Mto Shire, pale Nkula, Tedzani na Kapichira. ESCOM ndiyo yenye nyaya, nguzo na mita, ndiyo inayokuuzia tokeni. Kuna kampuni ya Power Market inayonunua umeme kwa jumla kutoka kwa wazalishaji. Na kuna MERA, mamlaka ya usimamizi, inayoidhinisha bei. Kwa hiyo ukitaka kujua nani anaamua yuniti yako ya mchana ina thamani gani, usimwulize msoma mita wala fundi aliye juu ya ngazi. Jambo hilo ni la ESCOM na MERA.

Mwaka 2012 Malawi ilitoa sera ya bei za kununulia umeme wa jua, maji madogo, upepo na kadhalika. Lakini sera ile iliandikwa kwa ajili ya wenye mitambo mikubwa, haikuandikwa kwa ajili ya paa la nyumba ya vyumba vitatu. Na mitambo mikubwa imekuja kweli. Salima kuna mtambo wa sola wa megawati 60, uliofunguliwa mwaka 2021. Golomoti, kule Dedza, kuna megawati 20 pamoja na betri kubwa. Hao wana mikataba yao ya miaka mingi, yenye bei iliyoandikwa na kusainiwa. Mwenye paa la Kawale anayetaka kuunganisha paneli zake na nguzo ya ESCOM anastahili kitu hicho hicho kwa kipimo chake: bei iliyoandikwa, na muda ulioandikwa. Mpaka awe nayo karatasi hiyo mkononi, hesabu ya kuuza aiweke sifuri. Narudia, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia: bila karatasi, kuuza ni sifuri.

Tena kuna mambo mawili ya kiufundi ambayo yamewaliza watu, na ni lazima niyaseme.

La kwanza ni mita. Mita nyingi za kulipia kabla hazikutengenezwa kwa ajili ya umeme unaorudi. Umeme ukipita kwa nyuma, baadhi ya mita zinauhesabu kana kwamba umeutumia. Yaani unampa shirika umeme wako, na mita inakukata yuniti. Mita nyingine inajifunga tu na kukuacha gizani mpaka waje kuifungua. Kwa hiyo kabla hujaunganisha chochote, ulizia mita ya kupima pande zote mbili. Na usiunganishe kwa siri. Kuna mfanyakazi anapanda nguzo akijua laini imezimwa, kumbe kuna nyumba moja inasukuma umeme kutoka chini. Mtu anaweza kufa pale, naye ana mke na watoto kama wewe.

La pili linahusu mgao. Inveta iliyojengwa kwa ajili ya gridi peke yake, isiyo na betri, inajizima gridi inapozimika. Inajizima kwa makusudi, kumlinda huyo mfanyakazi wa nguzo. Unaelewa maana yake? Jua linawaka, paneli ziko juu, na nyumba yako iko gizani. Na muda wote ambao umeme haupo mtaani huuzi chochote, hata kama mkataba wako ni mzuri kuliko wa Cape Town. Mwezi Januari 2022 kimbunga Ana kilipita, kikaharibu bwawa la Kapichira, na nchi ikapoteza karibu theluthi moja ya uwezo wake wa kuzalisha umeme kwa kipigo kimoja. Miezi ile ya mgao mrefu, mwenye sola isiyo na betri alikaa gizani na majirani zake. Kwa hiyo hapa kwetu, hesabu ya kuuza lazima ipunguzwe kwa saa zile ambazo hakuna gridi ya kuuzia.

Mtu ataniuliza: sasa kwa nini mashirika yanalipa kidogo? Ni uchoyo tu? Hapana, si uchoyo tu, na tuwe waadilifu. Nguzo, nyaya, transfoma na mafundi vina gharama mchana na usiku. Mwenye sola anayebadilishana moja kwa moja anautumia mtandao ule kama stoo yake, anaweka mchana anachukua usiku, na stoo hiyo halipii. Nani anayeilipia? Yule asiye na paneli, anayenunua tokeni za kwacha elfu moja moja. Katika nchi ambayo watu wengi bado hawajaunganishwa na umeme kabisa, hilo ni swali la haki. Halafu kuna swali la saa. Paneli zinatoa sana saa 6 mchana. Watu wanahitaji umeme sana kuanzia saa 11 jioni hadi saa 2 au 3 usiku, sima ikiwa jikoni. Mabwawa ya Shire hayahifadhi maji mengi ya kusubiri, mto unapita. Yuniti ya mchana na yuniti ya saa 1 usiku hazina uzito mmoja kwa anayeendesha gridi. Ndiyo maana mwishoni mwa 2024 pale Kanengo liliwekwa jiwe la msingi la betri kubwa ya megawati 20, ili umeme ukamatwe ukiwa mwingi na utolewe ukihitajika. Kila mnaposafiri kutoka Dzaleka kwenda mjini mnapita maeneo hayo.

Lakini haki ina pande mbili. Yuniti inayotoka kwenye paa la Area 25 inatumika nyumba ya pili, haisafiri kutoka Kapichira hadi Lilongwe ikipotea njiani. Shirika linaiuza kwa jirani kwa bei kamili. Kuipokea bure na kuiuza kwa bei kamili si haki, na mimi nasema hivyo waziwazi. Bei ya nusu kama ya Kenya, ikiwekwa kwenye karatasi kwa miaka kadhaa na isibadilishwe katikati kwa waliokwisha kusaini, ingekuwa mwanzo ninaouunga mkono. Mwenye sola angejua anachohesabu, shirika lingebaki na cha kutunzia nguzo, na mnunuzi wa tokeni za elfu moja asingebebeshwa mzigo wa mwenye paa kubwa. Ninachokiogopa zaidi ni bei inayotangazwa juu leo kwa shangwe na kukatwa kesho, mtu akiwa amekwisha kukopa.

Na kwacha yetu? Novemba 2023 ilishushwa thamani kwa asilimia 44. Paneli na inveta zinanunuliwa kwa dola huko zinakotoka, kwa hiyo mtambo ukapanda bei kwa usiku mmoja. Mwaka huo huo MERA iliidhinisha nyongeza ya bei ya ESCOM ya takribani nusu kwa wastani, ikigawanywa kwa miaka 4. Tazama jambo hili la ajabu kidogo: bei ya tokeni ikipanda, yuniti unayoitumia mwenyewe inapanda thamani yenyewe, bila wewe kuomba wala kusaini. Yuniti unayouza haipandi mpaka mtu akae mezani na kuipandisha.

Basi turudi kwa ile familia yetu ya mfano, maana nimewaacha na kwacha 800. Tuseme wameamua kutosubiri sheria. Pasi sasa inapigwa saa 6 mchana na dada aliye nyumbani. Maharage yanachemka mchana kwenye jiko la umeme, jioni ni kupasha tu. Pampu inajaza tangi jua likiwaka. Friji wameirekebisha igandishe mchana. Sasa mchana wanatumia yuniti 7, na zinazotoka nje ni 3. Wameokoa kiasi gani, hata kama hawalipwi hata senti moja kwa zile 3? Kwacha 1,400. Mnakumbuka 1,400 ilikuwa nini? Ilikuwa ile bei ya nusu ya Kenya. Wamejipatia nusu yao wenyewe, kwa kuhamisha pasi na sufuria ya maharage. Yuniti uliyoihamisha kutoka usiku kwenda mchana ina bei kamili, na hakuna ofisi inayoweza kukukata.

Ndiyo maana pia nawashauri: usinunue paneli nyingi kwa matumaini ya kuuza. Nunua zinazotosha mchana wako, na betri inayotosha taa, simu na redio za usiku wako. Mkataba mzuri ukija, utaongeza. Paneli zinaongezeka, deni halipungui lenyewe.

Sasa naomba nizungumze na wa hapa kwetu Dzaleka, kwa sababu hesabu yetu ina mambo ambayo familia ya Area 25 haina.

Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza, kwa ajili ya watu elfu kumi au kumi na mbili hivi. Leo tumepita elfu 50. Wenye mita yao wenyewe ni wachache. Wengi tunavuta waya kutoka kwa mwenye mita, tunamlipa yeye kwa mwezi au kwa taa. Sasa niulize: hapo, ukiweka paneli juu ya kibanda chako cha kuchaji simu, umeme unaozidi ukapita kwenye waya wa jirani na kutoka kwenye mita yake, salio linaandikwa kwa nani? Linaandikwa kwa mwenye mita. Si kwako. Sera yoyote ya kulipa umeme unaotoka nje inamlipa mtu mwenye akaunti. Mpangaji wa Kawale yuko katika hali hiyo hiyo: paneli zake, mita ya mwenye nyumba. Kwa hiyo kabla ya kuzungumza na shirika, zungumza na mwenye mita, muandikiane, mashahidi wawepo.

La pili ni muda. Mtu wa Area 25 mwenye nyumba yake anaweza kusema, miaka 7 si mingi, nitakuwepo. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini na vijijini warudi kambini. Watu waliacha maduka, friji na paa zao huko Lilongwe na kwingineko. Mtu aliyepitia hayo, au anayesubiri jina lake kwenye orodha ya kuhamia nchi nyingine, hawezi kupanga pesa yake irudi baada ya miaka 7. Kwake yeye mkataba wa kuuza umeme, hata uwe mzuri namna gani, umefungwa kwenye paa ambalo huenda ataliacha. Paneli mbili na betri anayoweza kuibeba au kuiuza asubuhi moja ndizo zinazomfaa. Kinyozi anayetumia umeme wake wote mchana, kila yuniti ikimwokolea bei kamili, hahitaji kumwuliza mtu yeyote bei ya kuuza. Hapo wafanyabiashara wa Dzaleka wana bahati ambayo familia ya Area 25 haina: kazi yao iko mchana, jua liko mchana.

Na kambi nzima je? Huko Jordan, kambi ya Azraq iliwekewa mtambo wa sola wa megawati 2 mwaka 2017, na baadaye mwaka huo kambi ya Zaatari ikapata mtambo wa karibu megawati 13. Yote miwili imeunganishwa na gridi ya nchi. Kwa Zaatari, UNHCR ilisema bili itapungua kwa dola milioni 5 hivi kwa mwaka, na umeme unaozidi unaingia kwenye gridi na kuwafaa wenyeji wa jirani. Fikirieni mtambo wa namna hiyo hapa Dowa. Vijiji vinavyotuzunguka, ambavyo vimetupokea miaka yote hii na vingine havina hata nguzo, vingepata mwanga unaotoka Dzaleka. Lakini tusipoteze swali letu: umeme huo unapoingia gridini, bei yake inaandikwa wapi, na pesa yake inarudi kwa nani? Mashirika yanayoleta miradi ya sola kambini yaulizwe hivyo kwenye mkutano wa kwanza, viongozi wa jamii wakiwepo, na machifu wa vijiji jirani wakiwepo.

Muda wangu unakaribia kwisha, lakini sijamaliza na fundi wa mlangoni. Akija, mkaribishe, mpe kiti, mpe maji. Kisha mwulize: bei ya yuniti inayotoka nje ni ngapi, na imeandikwa wapi? Inadumu miaka mingapi? Nalipwa pesa, au naandikiwa yuniti, na zisipotumika zinakwisha lini? Mita yangu inabadilishwa na nani, kwa gharama ya nani? Gridi ikizimika saa 1 usiku, taa yangu inawaka au haiwaki? Akijibu kwa karatasi, kaeni mzungumze. Akijibu kwa maneno, mwambie afanye hesabu upya, na pale penye kuuza aweke sifuri. Kama mtambo bado unakulipa ukiwa na sifuri pale, nunua.

Wiki ijayo tutaendelea na betri: zipi zinadumu kwenye joto la Oktoba, na namna ya kuijua iliyokwisha kutumika ikauzwa kama mpya. Mwenye swali aliandike na alilete studio kabla ya Alhamisi, kwa Kiswahili, Kichewa au Kifaransa, tutalisoma.